Dar Wanagombania Sura ya Subaru, Nyakanazi Wanaulizia Spana

Ilianza na klipu ya sekunde 40 tu. Subaru Impreza ya bluu, ile ya mwaka 2001 yenye taa za duara ambayo watu wa magari wanaiita macho ya chura, imepaki pembeni ya njia panda ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Boneti juu, tairi la mbele kushoto limetolewa, gari limelazwa juu ya gogo, malori ya kwenda Rusumo yanapita nyuma yake yakipiga honi. Mwenye gari, kijana mmoja wa Ngara anayefanya mishe zake Kahama (jina kapuni), kachuchumaa na kandambili, na ile suruali nyeupe aliyoivaa ili aonekane nyumbani sikukuu imeshakuwa rangi ya barabara. Chini ya gari inaonekana miguu ya fundi. Basi. Hakuna muziki, hakuna maneno, aliyerekodi yuko juu kwenye kabini ya lori na anasikika anacheka.

Klipu ikatembea. Siku ya pili ikatua kwenye simu ya staa mmoja wa Bongo Fleva, naye jina kapuni, ambaye miezi michache nyuma alijizawadia ndinga jipya lenye skrini kubwa kuliko tivii ya shangazi yake. Akairusha kwa wafuasi wake na emoji za kucheka mpaka machozi, akaongezea na somo: kwamba Subaru wenyewe wameshajiongeza, wametoka na sura mpya, ila vijana wa mikoani wamegoma, bado wanaabudu mikweche, na ndo maana mwisho wao ni kulala juu ya gogo porini.

Hilo neno "porini" liliwauma watu wa Biharamulo kuliko hata mwenye gari. Nyakanazi sio pori. Ni njia panda ya watu wa Kigoma, watu wa Kahama, watu wa Bukoba na maroli ya Rwanda, Burundi na Kongo, chipsi zinakaangwa usiku wa manane na ukitaka spea ya Scania saa nane usiku kuna mtu wa kumgongea mlango. Staa mwenyewe akienda kupiga shoo Kigoma kwa barabara anaweza kupita hapo hapo, tena atashuka achimbe dawa.

Haya, jioni yake akajibu mchambuzi mmoja wa magari wa Dar, yule anayevaa kofia ya bluu yenye nyota sita hata akienda msibani. Yeye akashika upande wa pili. Kwa maelezo yake Subaru ilipaswa kuishia mwaka 2004. WRX mpya iliyotambulishwa Septemba 2021 kaiita ndoo, sababu imezungushiwa plastiki nyeusi juu ya matairi, na ndani ina kioo cha inchi 11.6 kilichosimama katikati kama simu ya jitu. Akasema chapa yenye historia ya kukimbia haina haja ya kujiboresha sura, na wanaotaka usasa wakanunue friji.

Toka siku hiyo ni vita. Kuna kambi ya Makumbusho (sio kituo cha daladala, ni ile ya vitu vya kale) inayotaka gari libaki lilivyokuwa milele. Kuna kambi ya Vishikwambi inayotaka kila kitu kiguswe kwa kidole. Wanatukanana mpaka wazazi. Na jambo la kuchekesha ni kwamba wote wawili wamekosea, na wamekosea sehemu ile ile moja: wote wanagombania sura.

Twende taratibu, kuanzia na hiyo historia inayotajwa kila dakika bila kuelezwa.

Hizi chapa za magari ya kasi zilipata heshima Afrika Mashariki kwenye vumbi, hazikuipata kwenye maonesho ya vioo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 na yalikuwa yanapita Kenya, Uganda na Tanganyika, mvua inanyesha, tope linameza gari, ng'ombe anakatiza barabara. Mwaka 1971 Datsun 240Z ikashinda. Mwaka 1973 ikashinda tena, safari hiyo usukani kaushika Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, na mwaka huo walifungana pointi na mwenzake wa kutoka Sweden mpaka ikabidi waangalie nani alikwenda mbali zaidi bila kosa. Ile 240Z ni gari la michezo kweli kweli, refu pua, fupi kiuno, limekaa chini. Nissan walipotoa Z mpya mwaka 2021 wakarudi kuchota mistari ya gari lile la zamani, paa linavyoteremka linakukumbusha. Nusu karne baadaye bado wanakula jina lililotafutwa kwenye matope ya huku.

Subaru nao hivyo hivyo. Ubingwa wa dunia wa madereva wameubeba mwaka 1995 na Colin McRae, 2001 na Richard Burns, 2003 na Petter Solberg. Ubingwa wa timu wakabeba mitatu mfululizo, 1995 mpaka 1997. Lakini kwa mtu wa ukanda huu miaka inayosimulika ni 1997 na 2000, Impreza ilipochukua Safari. Hiyo ndo sababu mtoto ambaye hajawahi kuona rali anajua kwamba Subaru ya bluu ina rimu za dhahabu.

Sasa kambi ya Makumbusho wangetafuta picha za Impreza ile ya Safari ya 1997 kabla ya kuanza kutukana plastiki. Gari limeinuliwa juu kuliko la barabarani. Mbele limefungwa vyuma vya kukinga wanyama. Pembeni limetokezewa bomba la kuvutia hewa juu, ili likivuka mto injini isinywe maji. Limebandikwa mataa kama jukwaa la fiesta. Kwa vipimo vya urembo ni gari baya kinoma. Yaani huo urithi unaoliliwa ulikuwa ni gari lililokubali kuharibiwa sura ili limalize safari, halafu leo mtu anakaa Sinza anasema plastiki ya juu ya tairi imechafua urithi.

Na hiyo plastiki yenyewe waulizwe wanaoipita barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo, kilometa 92, njia ya malori ya nchi tatu. Lori likikupita kwa kasi linakurushia kokoto. Kokoto hazijui historia. Zinapiga juu ya tairi, rangi inabanduka, mvua ya Ngara inamalizia, miaka miwili kutu imeshakula mpaka unaweza kupitisha kidole. Gari la bluu la kijana wa Ngara lina viraka vya putiti sehemu hizo hizo ambazo WRX mpya imewekewa plastiki nyeusi. Subaru wao walieleza kwamba plastiki ile ina vinyweleo vya kupunguza upepo. Sawa, upepo. Kwa mtu wa Nyakahura plastiki ni ngao, na ikichubuka haina kutu. Kitu kinachochekwa zaidi Dar ndo kitu ambacho Biharamulo kingependwa wa kwanza.

Kuhusu sura, gari hilo hilo la kwenye klipu ni shahidi. Macho ya chura ilipotoka mwaka 2000 mashabiki waliichukia. Walioizoea Impreza ya mwanzo wakasema imekuwa na uso wa mtu aliyeshtuliwa usingizini. Kampuni ikayumba. Mwaka 2002 wakabadilisha uso, mwaka 2005 wakabadilisha tena, nyuso tatu ndani ya miaka mitano kwenye mwili mmoja. Mwaka 2007 wakaileta STI isiyo na buti, kelele zikaanza upya, mpaka mwaka 2010 buti likarudi. Na leo? Macho ya chura iliyochekwa ina watu wake wanaoitafuta kwa tochi, na mchambuzi wa kofia ya bluu ana picha yake ukutani, alishaionesha mwenyewe. Miaka 20 ijayo kuna mtu atalia kwa ajili ya WRX ya plastiki na atawaambia wadogo zake kwamba magari ya siku hizi hayana heshima.

Wazungu nao walishapitia humo. Porsche 911 mwaka 1997 iliacha kupozwa kwa hewa ikaanza kupozwa kwa maji, na taa zake zikaunganishwa na indiketa zikaonekana kama yai la kukaanga lililomwagika. Watu walitukana. Mwaka 2004 taa za duara zikarudi na maisha yakaendelea, ila injini ya maji haikuondoka, sababu ile ilikuwa na maana. Halafu kuna Jaguar, ambao Novemba 2024 walitoa tangazo la kujizindua upya lina watu wamevaa nguo za rangi zote za duniani na hakuna gari hata moja. Mwezi uliofuata wakaonesha gari la mfano huko Miami, kubwa, butu, limekaa kama sanduku la kuhifadhia vito. Ugomvi wake mtandaoni ulikuwa ni rangi, nguo, nembo. Hakuna aliyekuwa anauliza litafunguliwaje likiharibika.

Na hapo ndo pa kurudi Nyakanazi, sababu klipu ilikatwa pale ambapo habari ilikuwa inaanza.

Kijana alikuwa anatoka Kahama, katoka alfajiri, kapita Ushirombo na Runzewe bila shida. Kabla tu hajaingia Nyakanazi akakwepa lori lililokuwa linapita lenzake, akaingia kwenye shimo. Rimu ikapinda, shokapu ya mbele ikamwaga oili yote. Kosa la shimo, kosa la lori, na tuseme ukweli, kosa la mwendo pia. Pale Nyakanazi akaelekezwa gereji bubu moja nyuma ya vibanda, fundi mtu mzima, umri wa kama miaka 50. Huyu fundi hajasoma chuo. Ufundi aliuokota mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo na kambi zikajaa Ngara, Benaco ikawa mji wa ghafla na magari ya misaada yakawa yanakufa kila siku kwa ajili ya zile barabara. Yeye alikuwa kijana wa kubeba spana za wenzake. Kambi zilipofungwa mwishoni mwa 1996 magari yakaondoka, mikono ikabaki.

Kijana akamwamkia shikamoo mzee, akajieleza. Fundi akamjibu marahaba mdogo wangu, akachungulia chini, akaondoka bila kusema kitu. Akarudi na shokapu mbili za Forester iliyopata ajali. Ujanja wenyewe ni kwamba Forester ya kwanza ilijengwa juu ya msingi wa Impreza, vitu vingi vya chini vinaingiliana. Akafunga zote mbili za mbele, rimu akainyoosha kwa nyundo na kipande cha mbao, saa mbili na nusu gari likashuka kwenye gogo. Kasoro moja tu, shokapu za Forester ni ndefu. Impreza ikaondoka Nyakanazi imenyanyua pua kama mbwa aliyesikia harufu ya nyama choma. Lakini iliondoka. Na bila fundi kujua, alikuwa amelirudisha lile gari kuelekea mkao wake wa Safari, juu juu.

Wiki hiyo hiyo ya sikukuu, Biharamulo mjini kulikuwa na gari la pili ambalo halikupata klipu. La bosi mmoja, la kisasa, chapa kapuni, lina kamera pande zote na linamwongelesha dereva. Kitu kidogo kikapiga mbele, labda jiwe. Dashibodi ikawaka taa zote kama mti wa Krismasi, gia zikagoma kupanda, gari likawa linatembea mwendo wa baiskeli. Mafundi wakaja na kile kimashine cha kusomea makosa, kikasoma namba ya kosa vizuri kabisa, ila kufuta kikashindwa, kwamba inatakiwa programu ya wenyewe. Hakuna kilichovunjika cha kushika mkononi. Gari zima, injini nzima, limefungwa na ruhusa. Siku ya tatu likapandishwa kwenye Fuso likapelekwa Mwanza, bosi kakaa mbele pembeni ya dereva na kioo kakipandisha.

Staa wa Bongo Fleva angeziona hizo picha mbili pamoja sijui ile emoji angeiweka wapi.

Ila kambi ya Makumbusho wasianze kushangilia, sababu gari la zamani nalo sio malaika. Impreza za zamani zina mambo yao. Injini ya boksa, pistoni zimelala zinapigana ngumi kushoto na kulia, ni tamu barabarani na ni mateso gereji. Kubadilisha plagi tu fundi anakunja mkono kama anatoa ndama tumboni. Gasketi za silinda hedi kwenye baadhi ya matoleo ni wimbo unaojulikana na kila mwenye Subaru. Mafuta inakunywa, na bei ya petroli Ngara sio ya Dar. Halafu kuna usalama. Kwenye milima ya Ngara asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni boneti, na mbele yako kuna semitrela haina taa ya nyuma hata moja. Pale taa za kisasa na breki zinazojishika zenyewe ni uhai wa mtu, na anayesema gari lisibadilike kwa sababu ya mapenzi yake ya ujana anawaombea wenzake makaburi. Na hao wanaokata sailensa ili wapate ule mngurumo wa kudunda wa Subaru za zamani, ambao ulitokana na mabomba ya egzosi kutolingana urefu na WRX za miaka ya karibuni hazina, wajue kwamba Ngara mjini kuna watoto wanalala saa mbili usiku.

Kwa hiyo swali la kubadilika lilishajibiwa zamani, lazima wabadilike. Swali ni wanabadilisha nini, na wanambadilishia nani.

Hapa ndo penye kitu ambacho watu wa Dar hawakioni, na wenye kampuni Japani ndo kabisa. Gari jipya likizinduliwa leo Tokyo, mteja wake wa Tanzania bado yuko shule ya msingi. Litauzwa Japani, litaendeshwa na mzee mmoja mstaarabu, litapigwa mnada, litapanda meli, litafika bandarini Dar likiwa limechoka kidogo, litalipiwa ushuru. Na ushuru wenyewe unajulikana, gari likizidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 ya uchakavu, lakini watu bado wanalipa kwa sababu jipya hawaliwezi hata kwa ndoto. Litamilikiwa na mtu wa Mikocheni, litauzwa Mwanza, litashuka Kahama, na mwisho litaingia mikononi mwa kijana wa Ngara mwenye suruali nyeupe. WRX ya 2022 ni gari la Nyakanazi ya mwaka 2037. Kila kitu wanachokifunga leo kwa programu wanamfungia fundi wa mwaka huo, ambaye sasa hivi ni mtoto anachunga mbuzi Lusahunga.

Na huyo kijana wa mkono wa nne ndo anayebeba jina la chapa. Mnunuzi wa kwanza anakaa nalo miaka mitatu analichoka. Huyu wa mwisho anabandika stika, anapiga rimu rangi ya dhahabu, anamfundisha mdogo wake nani alishinda mwaka gani, anapewa majina ya utani na gari lake mtaani. Hajawahi kuwapa kampuni hata shilingi moja ya gari jipya, kweli, na mhasibu wao akipiga hesabu hamwoni. Lakini hadithi zote zinazowafanya matajiri wa London na Sydney watake hiyo nembo zilitengenezwa na watu wa aina yake kwenye barabara za aina hiyo. Ukimkata huyo umebaki na nembo, na nembo hata ndoo inaweza kubandikwa.

Machi 2022 Subaru walitangaza kwamba hakutakuwa na STI ya injini ya petroli kwenye umbo hili jipya, kwamba wanaangalia kesho, pamoja na umeme. Mchambuzi wa kofia alifanya kama kafiwa. Kambi yake ikaanza kusema umeme haufai Afrika, nani atachaji gari Ngara. Hao nao wafungue ramani. Pale pale Rusumo, mpakani, ndani ya wilaya ya Ngara, kuna maporomoko na mtambo wa megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Umeme unazalishwa Ngara. Mota ya umeme ina vitu vichache vya kusagika kuliko ile boksa na gasketi zake, na fundi aliyejifunza turbo bila kitabu hatashindwa kujifunza mota. Atashindwa kitu kimoja tu, kufungua mlango ambao ufunguo wake hauuzwi. Betri ikiharibika seli moja, je, inafunguka ikabadilishwa seli, au gari zima linakuwa chuma chakavu? Hilo ndo swali la kuuliza kampuni, na katika ule ugomvi wote wa wiki mbili hakuna hata mmoja aliyeliuliza. Watu wenye wafuasi laki na laki walikuwa wanauliza plastiki.

Staa alishaifuta ile posti, inasemekana ni baada ya promota wa Kanda ya Ziwa kumpigia simu kumkumbusha kwamba Kagera nako tiketi zinauzwa. Mchambuzi bado anaendelea, juzi kahamia kwenye Supra. Kijana wa Ngara alifika kwao usiku ule, mama yake akatoka na tochi, akalizunguka gari, akauliza mbona limeinama nyuma, wamekubebesha nini. Sikukuu nzima alizunguka nalo pua juu, Ngara mjini mpaka Kabanga, watoto wanalishangilia.

Wakati wa kurudi Kahama akapitia tena Nyakanazi, safari hii kwa shokapu za nyuma ili gari lilingane. Fundi akawa anafunga huku kijana anamwonesha kwenye simu picha za WRX mpya, ile inayogombaniwa. Fundi hakuangalia taa wala plastiki, kioo cha inchi 11 alikipitisha kwa kidole cheusi kama anapangusa vumbi. Akauliza filta ya oili imekaa wapi. Kijana akatafuta, akapata picha ya boneti ikiwa wazi: kwenye hizi injini mpya filta imekaa juu, unaifikia umesimama. Fundi akakunja mkono wa ovaroli, akaonesha kovu refu la moto kuanzia kiwiko kushuka, la miaka ya kutafuta filta ya Impreza za zamani chini kule, katikati ya mabomba ya egzosi. Akalitazama tena lile gari kwenye simu, muda mrefu kidogo.

"Hapo wamenifikiria," akasema, akarudi chini ya gari.